Kura 12, 9 na 6 kwa watu 27: kihesabu nani kashinda?

KatibuChamwino

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaozijua hesabu za maamuzi.

Kikundi cha kuweka na kukopa, wanachama 27, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, kina Sh 18,000,000 za kuwekeza msimu huu. Mapendekezo yaliyobaki mezani ni matatu:

K: mashine ya kukamua alizeti.
Z: shamba la zabibu pamoja na umwagiliaji wa matone.
G: kununua mahindi wakati wa mavuno, kuyaweka ghalani, kuyauza bei ikipanda.

Kura ya siri ilipigwa, kila mtu aliandika pendekezo moja tu. K ilipata 12, Z 9, G 6. Wa upande wa K wanasema mwenye nyingi ndiye mshindi. Wa Z wanasema 12 haifiki nusu ya 27, irudiwe kati ya K na Z. Wa G wanasema wao ni chaguo la pili la karibu kila mtu, kuwatoa mapema ni kuwaonea.

Baadaye kila mwanachama aliandika mpangilio wake wote, kuanzia analolipenda zaidi hadi la mwisho. Karatasi zimetoka hivi:

Watu 12: K, G, Z
Watu 9: Z, G, K
Watu 6: G, Z, K

Naomba majibu ya mambo matatu. Kihesabu, nani kashinda? Je, ipo kanuni isiyopingika tukaiandike kwenye katiba ya kikundi? Na mjumbe mmoja anasema kura hazina maana, tukokotoe faida na kuchagua yenye faida kubwa. Ana haki?

MwalimuWaTakwimu

Ndugu Katibu, hizo karatasi za mpangilio mzima ndizo zenye habari. Zile za alama moja zilificha karibu kila kitu. Tuzihesabu kwa njia nne, karatasi zikiwa zilezile na hakuna aliyebadili mawazo.

Njia ya kwanza, wingi wa chaguo la kwanza. K 12, Z 9, G 6. Inashinda K. Lakini watu 15 kati ya 27 wameiweka K mwisho kabisa. Njia hii inasoma mstari wa juu wa karatasi na kuutupa uliobaki, kwa hiyo pendekezo lisilotakiwa na wengi linaweza kupita mradi wapinzani wake wamegawanyika.

Njia ya pili, duru mbili. G inatoka kwa kuwa ina chache. Wale 6 wake wanahamia Z. Matokeo ni Z 15, K 12. Inashinda Z.

Njia ya tatu, alama za Borda, Mfaransa aliyeipendekeza. Chaguo la kwanza lina alama 2, la pili 1, la mwisho 0.
K: 12×2 = 24
Z: 9×2 + 6×1 = 24
G: 12×1 + 9×1 + 6×2 = 33
Jumla 81, yaani 27×3. Jumla isipofika hapo kuna karatasi imehesabiwa vibaya. Inashinda G.

Njia ya nne, ana kwa ana. Hii ni ya Condorcet, Mfaransa aliyeichapisha mwaka 1785. Unachukua mapendekezo mawili mawili na kuuliza: ni wangapi wameliweka hili juu ya lile?
K na Z: 12 kwa 15, Z iko juu.
K na G: 12 kwa 15, G iko juu.
G na Z: 18 kwa 9, G iko juu.
G imeshinda pande zote mbili.

Basi jibu la swali lako la kwanza ni kwamba karatasi 27 zilezile zimetoa washindi watatu tofauti. Ndiyo maana ubishi hauishi: kila upande umeshika hesabu sahihi. Kura hazina utata wowote. Wanachobishania wenzako ni kanuni ya kuzihesabu, na kanuni ilipaswa kukubaliwa kabla sanduku halijafunguliwa.

Kwa maoni yangu, G. Mkiichukua K, watu 15 wana haki ya kusimama na kusema tuliitaka G kuliko hii. Mkiichukua Z, watu 18 wana haki hiyohiyo. Mkiichukua G, hakuna walio wengi wanaoweza kutaja pendekezo lingine wanalolitaka zaidi. Kwa kikundi kinachoishi kwa hisa za kila wiki hoja hiyo ina uzito, maana mwanachama asiyeridhika hapigi kelele, anapunguza hisa.

Kuhusu kanuni isiyopingika: haipo. Kenneth Arrow, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1972, alithibitisha mwaka 1951 kwamba mapendekezo yakiwa matatu au zaidi, hakuna kanuni ya kuunganisha mipangilio ya watu inayotimiza haya yote kwa pamoja: ipokee mpangilio wowote mtu atakaoleta na itoe mpangilio wa kikundi usiojizungusha; wote wakipenda hili kuliko lile, kikundi nacho kiseme hivyo; nafasi ya mapendekezo mawili itegemee jinsi watu wanavyoyaona hayo mawili tu, la tatu lisiingilie; na asiwepo mtu mmoja ambaye atakalo yeye ndilo huwa la kikundi siku zote. Wala si suala la kusubiri mtaalamu mwingine aje kuigundua. Imethibitishwa kuwa haiwezi kuwepo. Kazi yenu ni kuchagua kasoro mnayoweza kuivumilia.

Mapendekezo yakiwa mawili tu, shida hii yote inaondoka. Kenneth May alionyesha mwaka 1952 kwamba hapo wingi wa kawaida ndiyo kanuni pekee inayowatendea wapiga kura wote sawa, inayoyatendea mapendekezo yote mawili sawa, na inayoitikia ipasavyo mtu mmoja akihamisha kura yake. Uzuri wa ana kwa ana ni kwamba inavunja swali gumu kuwa maswali mepesi ya mapendekezo mawili mawili.

Kalamu_Kongwa

Naunga mkono ana kwa ana. Naongeza tahadhari kuhusu Borda, maana wengi wataiona imetoa jibu lilelile la G, ni rahisi kukokotoa, na wataiandika kwenye katiba. Ina tundu ambalo mjanja yeyote atalipata.

Chukua karatasi hizohizo. Mtu wa upande wa zabibu asimame na kusema: zabibu si kitu kimoja, kuna za mvinyo, za mezani na za kukausha, ziandikwe kama mapendekezo matatu, Z1, Z2 na Z3. Inasikika kama hoja ya kitaalamu. Sasa mapendekezo ni matano, alama ni 4, 3, 2, 1, 0, na watu wanapanga kama mwanzo:

Watu 12: K, G, Z1, Z2, Z3
Watu 9: Z1, Z2, Z3, G, K
Watu 6: G, Z1, Z2, Z3, K

K: 12×4 = 48
G: 12×3 + 9×1 + 6×4 = 69
Z1: 12×2 + 9×4 + 6×3 = 78

Zabibu zimeshinda. Hakuna aliyebadili maoni hata kidogo kuhusu mahindi na zabibu: bado watu 18 kati ya 27 wanaiweka G juu ya kila aina ya zabibu. Kilichotokea ni kwamba wale 9 wa zabibu sasa wanaweka ngazi tatu kati ya Z1 na G badala ya moja, na kila ngazi ni alama. Ana kwa ana haiyumbishwi na hili, kwa kuwa G na Z1 zinalinganishwa zikiwa peke yake.

Kwa wingi wa kawaida, kugawanya hufanya kinyume: upande uliojigawa unajinyang'anya kura. Kwa hiyo kanuni yoyote mtakayochukua, orodha ya mapendekezo ifungwe mapema, angalau mkutano mmoja kabla ya kura, na yanayofanana yaunganishwe.

Kuna wasiwasi mwingine, wa mtu kudanganya mpangilio wake kwa kulizika pendekezo shindani chini. Nimeujaribu kwa Borda kwenye namba zenu za mapendekezo matatu. Wale 12 wa K wakiandika K, Z, G ili kuishusha G: K inabaki 24, G inashuka hadi 21, lakini Z inapanda hadi 36. Wamejiletea pendekezo wanalolipenda kidogo kuliko yote. Wale 9 wa Z wakiandika Z, K, G: K inafika 33, G na Z zote 24, na K inashinda, ile wasiyoitaka kabisa. Hapa ujanja unawarudi wenyewe. Lakini msijenge juu ya hilo: Allan Gibbard mwaka 1973 na Mark Satterthwaite mwaka 1975 walithibitisha, kila mmoja kivyake, kwamba kwa kanuni yoyote ya kumpata mshindi mmoja, ambayo inaruhusu mapendekezo matatu au zaidi kushinda na haimpi mtu mmoja uamuzi wote, ipo hali ambamo mtu hufaidika kwa kuandika uongo. Kinga yenu ni karatasi kuwa siri na kukusanywa kwa mpigo mmoja. Ujanja wa kuzika unahitaji kujua wenzako wameandika nini.

Kunyoosha mikono kuacheni kabisa kwenye jambo kama hili. Mzee akinyoosha wa kwanza, kinachofuata si kura.

Ana kwa ana nayo ina kasoro yake, na ni vema muijue kabla haijawakuta. Tuseme vitongoji vitatu vya watu tisa tisa vinapanga hivi:

Watu 9: K, G, Z
Watu 9: G, Z, K
Watu 9: Z, K, G

K inaishinda G kwa 18 kwa 9. G inaishinda Z kwa 18 kwa 9. Z inaishinda K kwa 18 kwa 9. Duara, hakuna wa juu. Kila mtu ana akili timamu na mpangilio wake umenyooka, ila kikundi kwa pamoja kinazunguka. Hapo ndipo mwenyekiti anapata nguvu kubwa bila watu kutambua. Akitangaza "tuanze na K na G, atakayeshinda apambane na Z", K inapita kisha Z inaipiga. Akianza na G na Z, mwisho inashinda K. Akianza na Z na K, mwisho ni G. Mpangilio wa ajenda unaamua kila kitu. Kwenye karatasi zenu halisi hili halipo: G inashinda hata ukianzia wapi. Lakini katiba iseme litakapotokea.

ShambaNaJedwali

Nijibu swali la tatu, la kuachana na kura na kukokotoa faida.

Mjumbe wako amegusa jambo la kweli, lakini si lote. Kuna mambo mawili yamechanganywa. Moja ni la ukweli: mashine itakamua magunia mangapi, mahindi yatapanda kwa kiasi gani. Jingine ni la matakwa: kikundi kiko tayari kupoteza kiasi gani ili kupata kingi. La kwanza halipigiwi kura, linakadiriwa. La pili haliwezi kukokotolewa na mtu yeyote, ni la wenye fedha.

Chora jedwali. Safu tatu za mapendekezo, nguzo tatu za hali ya mvua, maana Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, na ukiharibika hakuna wa pili wa kufidia. Kwenye kila chumba andika faida kwa mwaka baada ya gharama zote. Namba hizi nimeziweka kwa mfano tu, zenu mzitafute wenyewe. Ziko katika mamilioni ya shilingi, kwa mvua nzuri, mvua ya wastani, na ukame:

K: 10, 5, −3
G: −1, 4, 7
Z: 2, 4, 3

Soma namba hizo kwa macho ya shamba. Mwaka wa ukame alizeti haipatikani, mashine inalala, fundi na bili ya umeme havilali, ndiyo hiyo −3. Mwaka wa mvua nzuri kila mtu ana mahindi, bei haipandi, na gharama za ghala na mifuko zinakula faida, ndiyo −1. Ukame ukija, mwenye shehena kwenye soko la mahindi la Kibaigwa ndiye anayetafutwa. Zabibu za matone haziumizwi sana na ukame, ila mvua nyingi huleta ukungu na gharama ya dawa. Tena mzabibu haukupi mavuno ya maana mwaka wa kwanza, kwa hiyo hapo chukua wastani wa miaka mitano, usichukue mwaka mzuri peke yake.

Sasa uzito wa kila hali. Tuseme mvua nzuri 0.3, wastani 0.4, ukame 0.3. Zidisha na ujumlishe:
K: 3.0 + 2.0 − 0.9 = 4.1
G: −0.3 + 1.6 + 2.1 = 3.4
Z: 0.6 + 1.6 + 0.9 = 3.1

Kwa wastani K inaongoza. Mjumbe wako angeishia hapa. Usiishie.

Angalia baya zaidi la kila pendekezo: K −3, G −1, Z +2. Anayeogopa kupoteza kabla ya yote atachukua Z. Ndiyo njia ya Abraham Wald: chagua ambalo baya lake ni afadhali kuliko baya la mengine.

Halafu kuna njia ya majuto, ya Leonard Savage, 1951. Kwa kila hali ya mvua, tafuta faida ya juu kabisa iliyowezekana, kisha utoe ile uliyopata. Za juu ni 10, 5 na 7. Majuto ya K ni 0, 0 na 10. Ya G ni 11, 1 na 0. Ya Z ni 8, 1 na 4. Majuto makubwa zaidi ni 10, 11 na 8 kwa mfuatano huo, kwa hiyo Z tena.

Jedwali hufanya kazi nyingine ambayo kura haiwezi: linaonyesha pendekezo ambalo hakuna aliyelileta. Ikiwa mashine ndogo inapatikana kwa nusu ya mtaji, nusu K na nusu G hutoa 4.5, 4.5 na 2. Wastani wake ni 3.75, baya lake ni +2 sawa na la Z, na majuto yake makubwa ni 5.5 tu. Sababu ni kwamba alizeti na mahindi ya ghalani yanaumia miaka tofauti, moja likianguka lingine linasimama. Ningelipeleka mezani kabla ya kura yoyote.

Na hapa ndipo pa kutulia. Ukweli wa jedwali uko kwenye hiyo 0.3 ya ukame, ambayo nimeiandika tu. Ijaribuni. Shika mvua ya wastani kwenye 0.4 na uite ukame q, mvua nzuri inakuwa 0.6 − q. Tofauti ya K na G ni 11(0.6 − q) + 1×0.4 − 10q, yaani 7 − 21q. Inafika sifuri q ikiwa 1/3. Chini ya hapo K ni bora kwa wastani, juu ya hapo G ni bora. Kumbe watu wa K na watu wa G wanabishana kuhusu jambo moja bila kulitaja: je, msimu mbaya huja zaidi ya mara moja katika miaka mitatu, au chini ya hapo? Hilo linajibiwa kwa kumbukumbu za mavuno za kijiji na za mvua za Mamlaka ya Hali ya Hewa, si kwa sauti.

Kosa ninaloliona mara nyingi: kuandika mauzo badala ya faida. Kwa mashine weka umeme wa njia tatu, mfanyakazi, vipuri, na mauzo ya mashudu upande wa mapato, wengi huyasahau. Kwa mahindi weka uzito unaopungua yakikauka, maana hayafai kuhifadhiwa unyevu ukizidi asilimia 13.5, yatapata ukungu na sumukuvu, na hapo hesabu nzima inakufa.

KatibuChamwino

Nashukuru sana, sasa naona tulikuwa tunabishania nini. Naomba mnisaidie na haya ya utekelezaji. Wanachama kama watano hawasomi. Makadirio ya faida, kila mtu ana yake, nani aaminiwe? Na duara au sare ikitokea tufanyeje? Wengine wanapendekeza kila mtu aweke tiki kwa yote anayoyakubali, yenye tiki nyingi ishinde.

MwalimuWaTakwimu

Katibu, tuanze na tiki. Ni njia nzuri kwa mambo madogo, kwa mfano siku ya mkutano. Kwa hili inategemea kila mtu anakata mstari wapi. Wote wakiweka tiki kwa mawili ya juu: G 27, Z 15, K 12. Lakini wale 12 wa K wakiamua kuweka tiki moja tu: G 15, Z 15, K 12, sare. Mpangilio haujabadilika, umebadilika ukarimu wa tiki.

Wasiosoma: tumieni picha. Karatasi moja yenye chupa ya mafuta, kichala cha zabibu na gunia, na chini ya kila picha kisanduku. Punje moja ya mahindi ikichorwa ndani ni la kwanza, mbili la pili, tatu la mwisho. Ielezeni kwa karatasi kubwa ukutani, mjaribu kwanza kwa jambo lisilo na uzito, kama chakula cha siku ya kugawana. Karatasi yenye visanduku viwili vya punje moja haiharibiki yote: kwa mawili hayo yaliyofungana msimhesabie yeyote, kwa la tatu mhesabu kama kawaida. Aliyeacha kisanduku wazi, chukulieni kwamba ameliweka mwisho.

Kuhesabu: watu wawili, mmoja anasoma, mwingine anaandika bao kwenye karatasi, na mashahidi wa kila upande wanatazama. Bao lina mistari mitatu tu: K/Z, K/G, G/Z. Kila karatasi inatoa alama moja kwenye kila mstari. Mwisho kila mstari ujumlishwe: ukitoa 26 badala ya 27, ama karatasi moja imefungana ama imerukwa, itafutwe hapohapo. Mapendekezo manne yanahitaji mistari 6, matano 10, sita 15. Zaidi ya matano msiende, chujeni kabla.

Makadirio: usitafute wa kuaminiwa. Kila mtu aandike namba yake kwenye kipande cha karatasi kabla mtu yeyote hajasema lolote, zipangwe kutoka ndogo hadi kubwa, na mchukue ya katikati, ya 14 kati ya 27. Mwaka 1907 Francis Galton alichapisha makisio 787 ya watu waliokisia kwenye maonyesho ya mifugo Uingereza uzito wa nyama ya fahali baada ya kuchinjwa. Namba ya katikati ilikuwa ratili 1,207, na uzito halisi 1,198. Ya katikati ni bora kuliko wastani wa kujumlisha na kugawa kwa sababu mmoja akiandika milioni 200, ya katikati haisogei, ila wastani unaruka. Hiyohiyo itumieni kwa mambo ya kiwango, kama bei ya hisa au riba. Duncan Black alionyesha mwaka 1948 kwamba pale kila mtu ana kiwango chake anachopenda na kadiri kingine kinavyosogea mbali nacho ndivyo anavyozidi kutokipenda, kiwango cha mtu wa katikati hakishindwi na kingine ana kwa ana, na duara halitokei.

Sharti la haya yote ni kila mtu kufikiri kivyake. Condorcet alikokotoa hili pia. Ikiwa kila mwanachama ana uwezekano wa asilimia 60 wa kuwa sahihi kwenye swali la ndiyo au hapana, na hawajaigana, wengi kati ya watu 27 watakuwa sahihi kwa kama asilimia 85. Wakimfuata mmoja, wote 27 ni asilimia 60 ileile. Na ikiwa kila mmoja ni asilimia 40, kwa mfano wamesikia bei ya uongo sokoni, wengi watakuwa sahihi kwa kama asilimia 15 tu, yaani kura itakuza kosa. Kwa hiyo takwimu zije kwanza, kura baadaye.

Kalamu_Kongwa

Namalizia la duara na sare, maana ndilo la kuandika kwenye katiba kwa maneno kamili.

Duara la mapendekezo matatu: tupeni ushindi mwembamba zaidi. Tuseme K imeipiga G 16 kwa 11, G imeipiga Z 17 kwa 10, Z imeipiga K 14 kwa 13. Huo wa 14 kwa 13 ndio mwembamba, mtu mmoja tu akihama unapinduka. Ufuteni. Inabaki K juu ya G, G juu ya Z, na K inashinda. Duara la 18 kwa 9 pande zote kama la vitongoji halina mwembamba. Hapo hakuna hesabu itakayowaokoa, rudini kwenye jedwali la ShambaNaJedwali mtafute pendekezo la nne, kisha mpige upya.

Sare hutokea waliohesabiwa kwenye mstari wakiwa idadi shufwa. Watu 26, 13 kwa 13. Msimpe mwenyekiti kura ya pili, maana siku hiyo atakuwa na uzito wa watu wawili kwenye fedha za wote. Andikeni: zikilingana, itazamwe ni lipi kati ya hayo mawili limewekwa mwisho na watu wachache, zikilingana tena, kura ya kuokota mbele ya wote.

Wasiohudhuria: akidi ya kura ya uwekezaji iwe theluthi mbili, yaani watu 18. Karatasi za kutumwa na ndugu zisipokelewe, kwa kuwa huwezi kujua mkono ulioandika. Na ile karatasi ya bao yenye mistari mitatu isainiwe na mashahidi siku hiyohiyo na ibandikwe kwenye daftari la kumbukumbu za mkutano pamoja na karatasi zote 27 ndani ya bahasha iliyogundishwa, ili anayetilia shaka mwezi ujao ahesabu mwenyewe.